Kilo Nne Kabla ya Pasaka

Jumamosi, 10 Januari

61.2

Mama Angèle amesema nisiandike kilo peke yake. Niandike pia nimekula nini, nimelala vipi na nimeamka na moyo gani. "Mizani inajua kitu kimoja tu," alisema. "Weye unajua bingi."

Yeye ni muuguzi wa kituo cha afya hapa Dilala. Mizani ya watoto inaning'inia katikati ya chumba chake. Ile ya watu wazima imesimama nyuma ya mlango. Nilikwenda kwake kwa sababu jana Maître Stany, mwalimu wetu wa judo, alitangaza mashindano: tarehe 28 Machi, Jumamosi ya kuamkia Matawi, hapa hapa Kolwezi. Watakuja watu wa Likasi, Lubumbashi na Fungurume. Miaka yote nimepigana chini ya kilo sitini na tatu. Safari hii nataka kushuka chini ya hamsini na saba.

Nilimwambia Mama Angèle kwamba nataka kutoa kilo nne na zaidi kabla mwezi haujaisha. Aliniangalia kama mtu aliyeombwa kuazimisha meno yake. Akanipima urefu: mita moja na sentimita sitini na tano. Akaandika, akapiga hesabu, akaweka kalamu chini.

"Stéphanie, weye hauko munene. Hata kidogo. Mutu munene eko na akiba, anaweza kutoa kilo moja kwa wiki na mwili haulalamike sana. Weye akiba yako ni kidogo. Nusu kilo kwa wiki, isipite pale. Na karibu na mwisho, robo."

"Mama, nusu kilo?"

"Iko wiki kumi na moja. Inatosha. Haraka ya nini?"

Mimi kazi yangu ni kupima malori ya mawe ya shaba kwenye daraja la mizani. Mashine yetu haioni kitu chini ya kilo ishirini. Sasa nusu kilo, kwa wiki nzima! Nimerudi nyumbani nikicheka peke yangu nyuma ya pikipiki ya taxi-moto.

Jumatatu, 12 Januari

Mpango wenyewe ni huu. Asubuhi uji wenye karanga, au yai. Mchana maharage na ndizi. Jioni bukari, ugali wetu, nusu ya ile niliyozoea, lakini samaki na sombe, majani ya muhogo, visipungue, hata viongezeke. Mafuta kijiko kimoja. Kutoruka chakula hata siku moja. Kulala mapema.

Mama yangu anauza samaki wakavu kwenye soko la Manika, na wateja wanamjua kwa jina la Mama Ndaya. Jioni aliona nimekata bukari katikati na kurudisha nusu kwenye sufuria.

"Nani amekukosea?"

"Hakuna mtu, mama. Ni juu ya judo."

"Judo inakataza bukari?"

Akafunga kifuniko cha sufuria kwa kishindo.

Alhamisi, 15 Januari

Mvua. Nimelala vizuri. Yai, maharage, samaki tomson mmoja wa kuchoma.

Jumamosi, 17 Januari

60.5

Gramu mia saba! Mama Angèle hakufurahi nami. Amesema wiki ya kwanza ni maji na chumvi tu, nisiizoee.

Jumatano, 21 Januari

Mazoezi katika sala, yaani ukumbi, wa parokia. Tatami zetu, mikeka ya kuangukia, ni magunia yaliyojazwa unga wa mbao na kufunikwa turubai. Mvua ikinyesha yananuka kama kiwanda cha seremala. Mwenzangu wa mazoezi ni Abigaëlle, ana miaka kumi na tisa, mwanafunzi, mwepesi kama mkia wa mjusi. Ana kilo hamsini na tano na Maître anataka apigane chini ya hamsini na mbili. Ila yeye haendi kwa Mama Angèle. Atafanya njia ya Maître: siku tano za mwisho kukimbia ndani ya koti la plastiki, kutema mate kwenye chupa, na siku ya mwisho kutokunywa maji.

"Maître amekausha batu bengi," Abigaëlle aliniambia. "Hakuna aliyekufa. Weye unajitesa miezi mitatu juu ya kitu cha siku tano."

Nilimtazama Maître akifunga mkanda wake. Alikuwa bingwa wa Katanga yote zamani. Ananifundisha tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, na baba yangu alipofariki ndiye aliyesimama nyuma yangu makaburini. Kama angenipa koti la plastiki leo, nadhani ningelivaa.

Jumamosi, 24 Januari

60.1

Jumanne, 27 Januari

Embe tatu. Naandika kwa sababu nimeahidi kuandika.

Jumamosi, 31 Januari

60.1

Ileile. Wiki nzima ya kurudisha bukari kwenye sufuria, na ileile! Nilishuka, nikapanda tena, nikashuka. Mama Angèle aliendelea kumfunga mtoto wa mtu kwenye mkoba wa mizani.

"Kuko wiki mwili unakaa tu," alisema bila kugeuka. "Muache."

Mwanamke huyu ni mpole mno. Mtu wa kupima watoto wachanga atajuaje haraka ya mashindano?

Jumapili, 1 Februari

Baada ya misa Abigaëlle alinipeleka Manika kwa mama mmoja anayeuza chai ya kukondesha. Boksi lina picha ya mwanamke mwenye kiuno cha nyigu. Nimekunywa vikombe viwili. Jioni sikula. Nimemwambia mama nimekula kwa rafiki.

Jumatatu, 2 Februari

Choo mara sita. Sijala.

Jumatano, 4 Februari

Njaa haipo tena. Nimeishinda.

Ijumaa, 6 Februari

Lazima niandike yote.

Asubuhi lori la Tata Papy lilipanda kwenye daraja. Ni dereva wa zamani, mtu wa Kasaji, hapiti bila kusalimia kila mtu kwa jina. Karatasi yake ya kutoka machimboni ilisema kilo 46,380. Mimi nikaangalia kioo cha mashine, nikaandika 43,680, nikagonga muhuri. Nilikuwa nimesimama tangu saa kumi na mbili na vikombe viwili vya ile chai tumboni, na namba zilikuwa zinaogelea kama samaki wadogo.

Walinzi wakaona tofauti. Karibu tani tatu hazipo! Kwa hesabu yao, Tata Papy ameshusha magunia njiani na kuyauza. Wakamshusha, wakachukua simu yake, wakamsimamisha ukutani. Mvua ikaanza. Akasimama pale kwa muda wa karibu saa mbili, na mzee yule ana nywele nyeupe, na hakutukana mtu. Alisema tu, "Pimeni tena. Naomba mupime tena."

Mimi niliyafuata yote kupitia dirishani na nikawaza, kumbe hata Tata Papy ni mwizi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Sikuwaza hata kidogo kwamba ni mimi.

Mwishowe mkubwa wetu akaniambia nifungue kumbukumbu ya mashine. 46,380. Ilikuwepo, nyeusi kwa nyeupe. Nikasema, "Chef, ni mimi. Nimegeuza namba." Alinikemea mbele ya wote, na alikuwa na haki.

Nilitoka mvuani kumwomba Tata Papy msamaha. Nilipiga magoti kwenye matope. Yeye akaniinua kwa viwiko.

"Mama, uko mugonjwa?"

"Hapana, Tata."

"Uko mugonjwa. Uso yako iko sawa karatasi. Umekula nini leo?"

Akapanda kwenye lori, akarudi na ndizi mbili. Nilizila palepale, bila kupumua, mbele ya walinzi, huku nalia. Mtu niliyemsimamisha mvuani ndiye aliyenilisha.

Jumamosi, 7 Februari

58.6

Mama Angèle aliona namba na hakusema pongezi. Alisema, "Leta kitabu." Akasoma. Nilikuwa nimeandika chai, nimeandika choo, nimeandika Tata Papy. Nikangoja matusi.

Akaninyooshea mkono. "Kamata. Kwa nguvu, sawa unakamata kimono."

Nikakamata. Akauchomoa mkono wake kama mtu anayetoa mkono kwenye mfuko. Ana miaka hamsini na sita.

"Umeona? Kilo moja na nusu kwa wiki moja. Unafikiri ni mafuta ilitoka? Mafuta ya kukimbia vile weye hauna. Imetoka maji, na imetoka nyama ya mikono na ya miguu. Mutu asiye munene akikimbiza kilo, mwili unakula nyama yake mwenyewe. Na ile nyama ndiyo unapiganaka nayo."

Halafu akaniuliza polepole, "Unaogopa nini, weye?"

Nikasema siogopi kitu.

Jumanne, 10 Februari

Nimerudi kwenye mpango. Nimemwambia mama ukweli wote.

Tulikuwa tunachambua lengalenga, mchicha wetu, nje, mvua imekatika, matone yanaanguka kutoka kwenye mabati. Mama hakupiga kelele kama nilivyotarajia. Alisema sokoni watu wameanza kumwuliza habari zangu kwa sauti ya chini, kama wanavyouliza habari za wagonjwa wa ugonjwa ule.

"Lakini si sababu ya batu," alisema. "Weye haukumbuke, ulikuwa mutoto. Miaka kampuni ya baba yako ilisimama, tulikuwa tunakula mara moja kwa siku. Mi nilikuwa nakuona unakula, mi nasema nimeshiba. Nilikonda mpaka pete ya ndoa ikawa inaanguka. Sasa bukari iko ku meza, na mutoto yangu anairudisha ku sufuria. Nitafurahi namna gani?"

Miaka ishirini na sita nimeishi na mama huyu na sikuijua habari hiyo. Nilikuwa nikimwona kama mtu anayependa tu kujaza sahani za watu.

Nikamweleza mpango wa Mama Angèle: kupunguza kidogo, si kukataa, samaki hawapungui. Alisikiliza, mikono inaendelea na majani. "Samaki hawapungui?" "Hawapungui, mama." "Hata kidogo?" "Hata kidogo."

Jioni aligawa chakula mwenyewe. Bukari kiasi cha ngumi, na samaki wawili juu yake.

Jumamosi, 14 Februari

59.5

Karibu kilo imerudi. Mama Angèle amesema ni maji yanarudi nyumbani kwao, na amenipa mkono wake nikamate. Safari hii alipata kazi kuutoa.

Jumanne, 17 Februari

Mama ameleta bowa kutoka sokoni, uyoga mkubwa kama kofia. Tumepika na karanga. Chakula kizuri kuliko vyote vya mwaka huu. Nimelala kama gogo.

Jumamosi, 21 Februari

59.1

Asubuhi nilipima na kufurahi. Sasa ni jioni, naandika nimekaa kwenye benchi ya kituo cha afya.

Tulikuwa na michezo ya kirafiki na klabu ya Fungurume, katika sala ya parokia. Abigaëlle alikuwa amefanya zile siku tano. Nilimwona Alhamisi akikimbia barabarani na plastiki mwilini, juani, akinipungia mkono. Leo alipanda mizani: 51.9. Alipiga kelele ya furaha, lakini midomo yake ilikuwa imepasuka na ulimi ulikuwa mweupe. Akanywa Fanta nzima kwa mara moja. Nusu saa baadaye jina lake likaitwa.

Aliinama kumsalimia mpinzani. Hakuinuka. Yule msichana wa Fungurume hakumgusa hata kidogo. Alibaki amesimama na mikono mbele, akishangaa. Abigaëlle alianguka ubavu, vidole vyake vimekunjamana kama miguu ya kuku, macho yamefunguka lakini hayamwangalii mtu. Nikamwita. Akasema kitu kama "miguu", basi.

Maître Stany alimbeba mikononi kama mtoto. Nje akasimamisha taxi-moto, akapanda nyuma huku amemkumbatia katikati yake na dereva, na mimi nikafuata na nyingine. Barabara ilikuwa na madimbwi. Kila tulipoingia shimoni niliona kichwa cha Abigaëlle kinaanguka begani mwa Maître, na Maître anakirudisha kwa shavu lake.

Mama Angèle alikuwa anavua koti lake la kazi aende nyumbani. Akalivaa tena. Sikuwahi kumwona akitembea haraka, na leo nimemwona. Akapata mshipa kwa mara ya pili, akatundika dripu ya serum, akampima moyo, akatuma mtu kumwita daktari. "Moyo unapiga ovyo," alimwambia Maître. "Chumvi ya damu imekwenda pamoja na jasho. Muliita hii nini, mazoezi?"

Maître alitoka akakaa chini kwenye baraza, na kimono chake kimelowa matope mpaka magotini. Nikakaa karibu naye.

"Mi nilifanyiwa vile," alisema. "Maître yangu alinikalisha mbele ya fourni ya kuchoma mikate mpaka jasho ikakataa kutoka. Nikashinda. Basi nikafikiri nilishinda sababu ya fourni."

Nilimtazama. Nimemwogopa na kumpenda miaka kumi na minne, na leo nimemwona kuwa ni mtu aliyefundishwa vibaya na akafundisha hivyohivyo, kwa moyo mwema.

Daktari alikuja, akabadilisha dawa, akasema tungoje kuona kama figo zinafanya kazi. Tumengoja. Kulikuwa na wanawake wanane na watoto wao pale barazani. Wote walijua habari, wote walingoja nasi. Saa kumi na moja jioni Mama Angèle akatokeza kichwa mlangoni.

"Amekojoa!"

Baraza zima lilipiga makofi. Hata watoto. Maître alifunika uso wake kwa mkanda.

Jumapili, 22 Februari

Abigaëlle amekula uji. Ameuliza kama ule mchezo unahesabiwa kuwa ameshindwa. Mama yake hakucheka. Mimi nilicheka mpaka nikatoka nje.

Jumatano, 25 Februari

Maître alikuwa amemwomba Mama Angèle: "Mama, nifundishe." Yeye akamjibu, "Si weye peke yako. Nitakuja kwako." Na leo amekuja kwenye sala, ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele yetu sote, na Maître ameketi chini pamoja nasi, miguu imekunjwa kama mwanafunzi.

Hakutumia maneno makubwa. Alisema plastiki imekwisha. Chai ya boksi imekwisha. Watoto chini ya miaka kumi na minane hawakondeshwi kwa ajili ya kategori ya uzito. Wanakua, wapigane na kilo walizonazo. Mtu mzima asiye mnene, nusu kilo kwa wiki au chini, na aanze mapema, na apimwe na mtu mwingine asiye na haja ya kushinda. Akatutazama mmoja mmoja.

"Na mukiona mwili unakataa, munasimama. Hata kama kilo haijafika."

Mmoja akauliza, "Tutajuaje unakataa?"

"Utasikia baridi wakati benzako hawasikii. Utaamka usiku bila sababu. Utagombana na batu kwa mambo ya bure. Mwanamke, damu yake itachelewa. Mwili unasemaka. Batu ndio habasikie."

Zamani niliuita upole wake uzembe. Nimeona aibu.

Jumamosi, 28 Februari

58.7

Jumanne, 3 Machi

Nimevaa sweta kazini. Wenzangu wote walikuwa wanajipepea.

Jumamosi, 7 Machi

58.4

Abigaëlle amerudi mazoezini, kutembea na kunyoosha viungo tu. Ana kilo hamsini na tano na mashavu yake yamerudi.

Jumanne, 10 Machi

Nimegombana na mama juu ya kijiko. Kijiko!

Alhamisi, 12 Machi

Nimeamka saa kumi usiku tena. Mvua zinapungua, asubuhi ukungu unakaa chini juu ya milima ya udongo wa migodi.

Jumamosi, 14 Machi

58.3

Mama Angèle alisoma kitabu changu kuanzia Machi. Sweta. Kijiko. Saa kumi.

"Damu yako ilikuja lini?"

Nilihesabu. Januari ilikuja vizuri. Februari madoadoa siku moja. Machi haijaja.

Akanipa kikopo nikojolee. Nikamwambia sina mimba, hakuna njia ya kuwa nayo. "Najua," alisema. "Lakini kazi yangu si kuamini, ni kupima." Akachovya kipimo, tukangoja pamoja tukitazama: mstari mmoja. Mmoja tu. Akaosha mikono.

"Sikiliza. Imebaki kilo moja na gramu mia tatu, na wiki mbili. Hata kwa nusu nusu haitimie. Itabaki kidogo, na ile kidogo unaweza kukausha siku ya mwisho. Ulisha kuihesabu, si vile?"

Nilikuwa nimeihesabu.

"Umekwenda muzuri. Isipokuwa ile wiki moja, umekwenda sawa nilivyokuambia. Lakini nusu kilo si sheria ya kukupeleka mpaka kaburini. Ni mwendo tu. Kuko na mahali pa kusimama pia, na mwili wako umesimama. Mi ningesimama naye. Lakini mwili ni wako."

Nilitembea mpaka nyumbani, nikazikataa taxi-moto zote. Nilikuwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa inatafuta mtu wa kumshika na haikumpata. Mama Angèle hana kosa. Maître hana kosa tena. Kilo haina kosa.

Basi niandike. Kuna jina ambalo sijaliandika humu hata mara moja tangu nianze Januari. Kanyinda wa Likasi. Anapigana chini ya sitini na tatu. Tumekutana mara tatu, na mara zote tatu amenitupa kabla dakika moja haijaisha. Mara ya mwisho niliangalia dari nikisikia watu wakicheka. Nilisema nashuka kwenda hamsini na saba kwa sababu huko nitakuwa na nguvu kuliko wengine. Si kweli. Nashuka kwa sababu Kanyinda hayuko huko. Nilikuwa tayari kutoa kilo nne za mwili wangu nisikutane na mtu mmoja.

Jumatatu, 16 Machi

Nilimwambia Maître baada ya mazoezi, wakati tunakunja turubai. Nilisema nimesimama kwenye hamsini na nane, na nilisema kwa nini nilianza.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku uliniomba hamsini na saba. Mi nilifikiri, heri nikusaidie kumukimbia kuliko nikuone unaangalia dari tena." Akavuta upande wake wa turubai. "Ilikuwa kosa. Iko siku kumi na mbili. Zinatosha kukufundisha kukamata mukono wake wa kuume."

Akaandika jina langu chini ya sitini na tatu.

Jumatano, 18 Machi

Bukari nzima. Mama alinitazama nikimaliza, halafu akatazama pembeni.

Jumapili, 22 Machi

Nimelala mpaka saa moja na nusu. Sweta iko sandukuni.

Ijumaa, 27 Machi

Damu imekuja. Sikuwahi kufurahia kitu hiki maisha yangu yote. Mama Angèle nimemwandikia ujumbe, amejibu kwa neno moja: "Muzuri."

Jumamosi, 28 Machi

Asubuhi kwenye kupima uzito nilikula mayai mawili na mkate na chai, mbele ya wasichana waliojifunika makoti na kutema mate kwenye chupa. Walinitazama kwa chuki. 59.8, pamoja na mayai.

Abigaëlle alipigana chini ya hamsini na saba, mwepesi kuliko wote. Alishinda mchezo mmoja, akashindwa miwili, na kila mara aliinuka mwenyewe kutoka kwenye salamu. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Mimi nilishinda wa kwanza. Wa pili alikuwa Kanyinda.

Dakika ya kwanza ilipita. Niliisikia ikipita, kwa sababu mama yangu, ambaye hajawahi kuja hata mara moja, alipiga kelele kutoka nyuma: "Angali amesimama!" Nilikuwa nimeukamata ule mkono wa kuume na sikuuachia. Dakika ya pili. Ya tatu. Alinivuta, nikarudi. Nilimvuta, akaja kidogo, nikaona jicho lake limeshangaa. Dakika nne zikaisha, hakuna aliyepata kitu; tukaingia muda wa nyongeza, ambamo alama ya kwanza ndiyo ushindi. Dakika nyingine moja na zaidi. Kisha akafagia mguu wangu wa kushoto kwa ufundi mzuri, hata nikiwa hewani nilijua ni mzuri. Nikaanguka ubavu. Alama yake.

Nimeshindwa. Naiandika bila uchungu na ninaisoma tena kuona kama ni kweli, na ni kweli. Mchezo wa nafasi ya tatu nilimlaza msichana wa Fungurume, nikamshikilia hadi mwisho. Maître alinifunga medali, akasema tu, "Ule mukono." Mama Angèle alikuwa mstari wa mbele, na koti lake la kazi mkobani.

Baadaye nilikwenda kubadilisha nguo, na mama akanifuata na sufuria: bukari, sombe, samaki. Kanyinda alikuwa chumbani peke yake, amekaa sakafuni, medali ya dhahabu shingoni, anabana paja lake kwa mikono miwili. Mguu ulikuwa umekakamaa. Nikapiga magoti nikamnyooshea vidole vya mguu mpaka maumivu yakapungua.

"Ulikuwa na ngapi?" nilimwuliza.

"Sitini na saba. Jumatatu."

"Jumatatu hii?"

Akakubali kwa kichwa. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Mwisho, ku nyongeza, sikukuona muzuri. Nilikuwa naona batu babili. Nilifagia yule wa kuume." Akanitazama. "Weye ulikuwa unakula mayai. Nilitaka kukupiga. Nani anakupimaka?"

Nikamweleza habari za Mama Angèle. Nusu kilo kwa wiki kwa mtu asiye mnene, kuanza mapema, kutoacha chakula, na kusimama mwili ukikataa. Mama alikuwa ameshampa sahani bila kumwuliza. Kanyinda alihesabu kwa vidole.

"Kilo nne, wiki nane. Na kama mwili unakataa mbele ya wiki nane?"

"Unapanda. Unapigana chini ya sabini."

"Ku sabini!" alisema. "Kule kuko bamama bakali sana."

"Najua," nilimwambia. "Mi nimetoka kupigana na mumoja sasa hivi."

Alicheka mpaka akashika tena paja lake. Halafu akavuta sahani karibu, akaosha mkono, akaanza kula.